Leseni ya Kuuza Pombe na Kupiga Muziki



Jambo tulilolichagua leo lawahusu watu wote, anywaye na asiyekunywa. Twataka kueleza jinsi mtu apatavyo leseni ya kufungua nyumba ya kuuzia pombe na kuwafurahisha watu kwa muziki, katika nchi ya Kenya. Labda mmoja wenu atasema, "Mimi sina baa wala sinywi, habari hii yanihusu nini?" Twamjibu kwamba nyumba kama hiyo ikifunguliwa karibu naye, yeye ndiye atakayesikia ngoma usiku, na watoto wake ndio watakaopita mlangoni pake wakienda shule. Kwa sababu hiyo sheria imempa neno la kusema kabla ya leseni kutolewa. Wengi hawana habari ya neno hilo, nasi twaona ni hasara kubwa.

Kwanza na tutazame nyuma kidogo. Pombe si kitu kigeni kwetu. Watu wa magharibi walikuwa na busaa, Wakikuyu walikuwa na muratina, na watu wa Pwani walikuwa na tembo la mnazi. Lakini pombe hiyo ilikuwa na wakati wake na watu wake. Wazee ndio walioketi kuinywa, penye arusi, penye mahari, au penye shauri lililokwisha kwa amani. Kijana hakuwa na nafasi katika baraza hilo, na mzee aliyepita kiasi alionywa na wenzake wa rika. Hapakuwa na karatasi, ila ruhusa ilikuwapo.

Pombe ilipoanza kuuzwa kwa fedha, mambo yaligeuka. Auzaye hutaka kuuza zaidi, na anunuaye aweza kuwa mgeni asiyejulikana na mtu. Jicho la mzee halikutosha tena kuangalia yote. Basi leseni iliingia mahali pa jicho lile. Mtu asidhani kwamba leseni ni stakabadhi ya fedha alizolipa serikalini. Leseni ni ahadi: mwenye nyumba aahidi mbele ya majirani zake kwamba atauza kwa kiasi, kwa saa zilizowekwa, na kwa watu wanaoruhusiwa.

Sheria kubwa ya jambo hili ni ile ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010. Watu waliizoea kwa jina la "Sheria ya Mututho", kwa kuwa aliyeipeleka katika Bunge ni Bwana John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo. Mwaka huo huo nchi ilipata Katiba mpya, na Jedwali la Nne la Katiba hiyo likaweka kazi ya kutoa leseni za pombe, pamoja na mambo ya burudani za watu wote, katika mikono ya serikali za kaunti. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013, nazo zikatunga sheria zake. Kwa hiyo ada na taratibu za kaunti moja huenda zisilingane na za kaunti nyingine. Lakini njia yenyewe hufanana, nasi tutaifuata hatua kwa hatua.

Tuseme yuko mtu mwenye kiwanja kando ya soko, naye ataka kujenga baa na ukumbi wa muziki. Hatua yake ya kwanza isiwe kununua mabati. Hatua ya kwanza ni kupima mahali. Sheria ya 2010 imeagiza kwamba nyumba ya pombe isiwe karibu na shule ya watoto walio chini ya miaka 18 kwa umbali usiofika meta 300. Hizo ni kama hatua 400 za mtu mzima atembeaye kwa mwendo wa kawaida. Tena kamati itauliza kama nyumba za namna hiyo zilizopo mahali pale hazijatosha kwa hesabu ya wakazi. Mtu aliyekopa fedha, akajenga, akanunua viti na meza, kisha ndipo akaenda kuomba leseni, aweza kuambiwa kwamba shule i karibu mno, na nyumba yake ikabaki ghala tupu huku deni likizaa. Majuto ni mjukuu.

Hatua ya pili ni kujua aina ya leseni aitakayo. Iko leseni ya mtengenezaji, ya auzaye kwa jumla, ya duka ambalo watu hununua wakaenda kunywea kwao, ya baa ambamo watu hunywa papo hapo, ya hoteli, ya mkahawa, na nyinginezo. Mwenye leseni ya duka hana ruhusa ya kuweka viti nje na kuwakaribisha watu wanywe. Akosaye kuchagua vema hujikuta akivunja sheria na huku ana leseni ukutani.

Hatua ya tatu ni kuandika maombi. Mwombaji huijaza fomu ya kaunti yake, akataja jina lake, mahali pa nyumba, na aina ya leseni, akailipia ada na kuipeleka panapohusika. Ni vema awe tayari na kitambulisho chake, na hati ya kuonyesha kwamba nyumba ni yake au ameipanga. Fedha na zilipwe kwa njia ya serikali peke yake, na stakabadhi itunzwe. Mtu akikuambia, "Nipe mimi, nitakupitishia upesi," ujue kwamba unanunua upepo.

Hatua ya nne ndiyo twaitaka muitie moyoni, kwa maana hapa ndipo jirani aingiapo. Majina ya waombaji, aina za leseni, na mahali pa nyumba zao hutangazwa kwa tangazo linalobandikwa wazi, pamoja na siku ambayo kamati itakaa. Mtu yeyote mwenye sababu aweza kupinga. Yampasa aandike sababu zake, aipe kamati, na amjulishe mwombaji mapema, ili naye apate kujitayarisha kujibu. Si haki kumshitaki mtu gizani.

Sababu njema ni ile iwezayo kuonekana. "Mlango wa nyumba hii uko hatua 150 toka lango la shule, tumezihesabu." "Ukuta wa ukumbi ni wa mabati, na nyuma yake yako makao ya watu wenye watoto wachanga." Maneno kama hayo kamati yaweza kuyapima. Bali akisema tu, "Mtu huyu ana kiburi, tena ametajirika ghafula," amesema habari ya moyo wake mwenyewe, wala hakusema habari ya baa. Kamati haikuwekwa ili kumaliza vijicho vya kijiji.

Hatua ya tano ni kukaguliwa. Maofisa wa afya huja kutazama vyoo, maji, usafi wa jiko, nafasi na hewa. Wafanyakazi wanaoshika chakula na vyombo hutakiwa kuwa na cheti cha kupimwa afya. Polisi nao husema neno lao juu ya usalama wa mahali. Mwenye akili hatasubiri kuonywa: ataweka mwangaza wa kutosha na milango ya kutokea zaidi ya mmoja, ili moto ukizuka watu wasisongamane penye njia moja.

Kisha kamati hukaa. Katika sheria ya 2010 kamati hizo zilifanywa za watu wa utawala, wa afya, wa polisi, na wakazi wa mahali. Kaunti nazo zimeweka kamati zake katika kaunti ndogo. Mwombaji husikizwa, na mpinzani pia. Kamati yaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa. Naye aliyekataliwa ana njia ya kuomba shauri lake litazamwe tena, kwa muda uliowekwa. Leseni ikitolewa, hutundikwa mahali iwezapo kuonekana na kila aingiaye. Tena si ya milele: muda wake ukiisha huombwa upya, na mwenendo wa mwaka uliopita huja kusema kwa ajili ya mwenye nyumba au juu yake.

Sasa tuje kwenye masharti ya kila siku. Sheria ya 2010 iliwekea baa za kawaida saa za kuuza: siku za Jumatatu mpaka Ijumaa, toka saa 11 jioni mpaka saa 5 usiku, siku za mwisho wa juma na sikukuu, toka saa 8 mchana mpaka saa 5 usiku. Maana yake ni nyepesi kufahamu. Asubuhi ni ya jembe na karakana. Asiyefika miaka 18 haruhusiwi kuuziwa kileo, hata akisema ametumwa na baba yake. Sisi tulio walimu twajua udhuru huo, na muuzaji apaswa kuujua vilevile.

Na muziki je? Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba mwenye leseni ya pombe amepewa na ruhusa ya kupiga kelele. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka mpaka. Kwa mahali pa makao ya watu, sauti ya nje haitakiwi kupita desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza baada ya saa 2. Desibeli ni kipimo cha sauti, kama vile digrii ilivyo kipimo cha joto. Na 35 ni sauti ya chini sana, karibu na ile ya watu wanaonong'ona. Basi mwenye ukumbi na ajenge kuta nene, aelekeze vipaza sauti ndani, na aulize kaunti yake kibali cha burudani kabla ya kuwaita wapigaji. Tena nyimbo zina wenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, apigaye nyimbo za watu mbele ya wateja wake hulipia ruhusa hiyo, ili mtunzi naye ale jasho lake.

Labda mtu atauliza, "Taabu yote hii ya nini? Si ni afadhali kuuza kimya kimya nyuma ya nyumba?" Jibu la swali hili ni la huzuni. Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu, na wengine wakapofuka. Mei 2014, katika kaunti kadha wa kadha, zaidi ya watu 80 walikufa kwa njia hiyo hiyo. Februari 2024 msiba ulirudi Kirinyaga. Kiuacho katika pombe kama hizo mara nyingi ni methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Haina rangi, na harufu yake hukaribiana na ile ya kileo cha kawaida, hata mnywaji asiweze kuitambua. Ikiingia mwilini, mwili huigeuza kuwa asidi kali, ambayo huharibu mshipa wa macho, kisha huondoa uhai. Aonaye ukungu machoni baada ya kunywa na apelekwe hospitali mara moja; asiambiwe alale kwanza.

Leseni peke yake haizuii sumu. Lakini mwenye leseni ana jina, ana mahali, na ana kitu cha kupoteza. Mkaguzi ajua mlango wake. Yampasa anunue kwa mtengenezaji anayejulikana, chupa zikiwa zimefungwa. Hata chang'aa, ambayo sheria ya 2010 iliitoa katika marufuku, iliruhusiwa kwa sharti la kutengenezwa kwa leseni na kutiwa katika chupa za kioo. Kinyume cha hayo, auzaye gizani humwogopa kila avaaye sare. Humpa huyu kidogo na yule kidogo, na mwisho wa mwaka amelipa kuliko ada ya leseni, wala hana hata kipande cha karatasi cha kumtetea.

Basi, wapenzi, tuyakusanye haya kwa maneno mawili. Wewe utakaye kufungua baa, waendee majirani kabla hujaiendea ofisi. Waonyeshe mahali, waambie saa za kufunga, sikia wanalolihofu. Utakalolirekebisha kwa maneno leo, hutalirekebisha kwa wakili kesho. Nawe jirani, usingoje mpaka ngoma ikunyime usingizi ndipo ulalamike njiani. Tangazo likibandikwa, lisome. Usiyejua kusoma, mwombe mtoto wako wa shule akusomee. Ukiwa na sababu, iandike na uisimamie kwa adabu mbele ya kamati. Usipokuwa nayo, mwache mwenzio atafute riziki yake.

Wazee wetu walikuwa na baraza la kuamua nani anywe, lini, na kwa kiasi gani. Baraza hilo halikufa. Limehamia katika kamati ya leseni, na kiti cha jirani kingalipo. Asiyekwenda kukikalia asishangae akiona shauri limekatwa bila yeye.