Mamilioni ya mayai ya sangara

Sangara jike mkubwa wa Ziwa Victoria hubeba mamilioni ya mayai kwa mara moja, na hesabu hiyo imewafariji wengi: samaki wa namna hii, husemwa, hawezi kwisha. Lakini yai lake halifiki hata milimita moja, nalo huelea majini bila mlinzi. Sato hutaga machache, akayaatamia mdomoni. Sangara hutaga akaondoka, na karibu wanawe wote huliwa wangali wadogo. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini hakufurika hadi kufikia miaka ya 1980. Mayai alikuwa nayo muda wote huo. Haba ilikuwa idadi ya watoto waliopona.

Basi la kuuliza ni nani anayetaga. Dume hukomaa mapema, akiwa na sentimita 50 hivi au 60. Jike huchelewa, na wengi huvuka 60, hata 80, kabla ya kutaga mara ya kwanza. Nchi tatu za ziwa hilo zilipoweka kanuni ya kuvua sangara wa sentimita 50 hadi 85, shabaha ilikuwa wadogo wakue na wakubwa watage. Kwa maoni yangu kikomo cha chini kiko chini mno kwa majike, na hilo linakifanya kile cha juu kuwa muhimu zaidi. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake huongezeka kama mara nane, na mayai hufuata uzito. Kumwua jike wa sentimita 140 ni kupoteza mayai ya majike wanane wa sentimita 70.

Wapo wanaojibu kwamba wakubwa hula watoto wao wenyewe. Ni kweli, ila hula pia dagaa, furu na uduvi, na makokoro huwamaliza watoto hao bila kuacha yai hata moja badala yao. Hoja nzito zaidi ni ya furu: sangara, mgeni, aliangamiza aina nyingi mno za samaki hao, na alipovuliwa sana baadhi walirudi. Naiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo, uvuvi wa leo hauchagui kwa ajili ya furu. Huchagua kwa bei. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, hupelekwa China, na makubwa hulipwa vizuri kuliko madogo, na sangara wakubwa kabisa karibu wote ni majike. Doria za mwaloni peke yake hazitawalinda. Ukaguzi ufike kwa wanunuzi wa mabondo, maana ukubwa wa bondo humtaja samaki aliyelibeba.