Ahadi ni deni: tunachojifunza kutoka kwa simu moja ya faragha

Wengi wetu tunatembea na simu mfukoni kutoka asubuhi hadi usiku. Ndani yake mna majina ya jamaa, picha za watoto, habari za fedha, na hata mambo mazito ambayo ndugu ametuandikia kwa siri akiwa katika shida. Kwa hiyo ni vema kuuliza: nani mwingine anayaona? Leo tunaeleza habari za kampuni ndogo iliyojaribu kujibu swali hilo, na za watu walioiamini wakalipa kabla simu haijatengenezwa.

Simu yenyewe

Kampuni hiyo inaitwa Purism, nayo ni ya Marekani. Ilianza kwa kuuza kompyuta za mkononi. Mwezi wa nane mwaka 2017 ilitangaza simu iitwayo Librem 5, ikaomba watu walipe mapema, dola 599 kwa simu moja, ili kazi ianze. Lengo lilikuwa dola milioni 1.5. Katika muda wa miezi miwili hivi zilipatikana zaidi ya milioni 2.

Kwa nini watu walitoa fedha kwa moyo hivyo? Karibu simu zote za kisasa zinatumia mfumo wa Android wa Google au ule wa Apple. Librem 5 haitumii hata mmoja. Inatumia PureOS, mfumo wa jamaa ya Linux, ambao maandishi ya programu zake yako wazi: mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kuona kama kuna kinachotupeleleza.

Tena, ubavuni mwa simu kuna swichi tatu. Ya kwanza inazima kamera na maikrofoni, ya pili Wi-Fi na Bluetooth, ya tatu mtandao wa simu. Ukizima swichi, umeme wenyewe unakatwa, na hakuna programu inayoweza kukiwasha kifaa hicho kwa siri. Ukizima zote tatu, GPS nayo inazimika.

Waliyotazamia na waliyopata

Kampuni ilisema simu zitaanza kutoka mwezi wa kwanza mwaka 2019. Tarehe hiyo ilipita, zikatajwa nyingine. Simu chache za kwanza zilitumwa mwezi wa tisa mwaka huo, na zile za kutengenezwa kwa wingi zilianza kutumwa mwezi wa kumi na moja mwaka 2020. Wengi waliendelea kungoja hata baada ya hapo.

Sababu zilikuwepo. Mifumo ya Linux ilikuwa imezoea kompyuta, kwa hiyo programu nyingi za simu ilibidi ziandikwe upya, hata ile ya kupigia. Vipande vya ndani navyo vilipaswa kuchaguliwa kwa namna ambayo sehemu ya mtandao wa simu ingetengwa na sehemu nyingine. Kazi kama hiyo kampuni kubwa huifanya kwa maelfu ya wafanyakazi.

Waliopokea walikuta simu nene na nzito. Mwanzoni betri haikudumu siku nzima, na kamera haikuwa tayari. WhatsApp haina programu yake rasmi kwa mfumo huo. Bei kwa wanunuzi wapya ilipanda hata ikapita dola 1,000. Lakini lililoumiza wengi zaidi ni fedha: watu walioomba kurudishiwa walilalamika hadharani kwamba waliambiwa wangoje hadi simu yao itakapokuwa tayari kutumwa.

Haki ni ipi, na kupita kiasi ni kupi?

Sisi tunaijua hali hii. Ukimpa fundi avansi ya viti, unajua mbao zinaweza kuchelewa. Unaweza kumvumilia. Usichoweza kuvumilia ni kuambiwa kila juma "kesho", au kuombwa ungoje viti kwanza ndipo urudishiwe fedha zako.

Hivyo tunaona matarajio ya aina mbili. Yako yaliyopita kiasi. Kutazamia kwamba kampuni ndogo itoe simu nyepesi na rahisi kama za Apple halikuwa jambo la haki. Vilevile kudhani kwamba simu ya faragha inaficha kila kitu ni kosa: kila simu iliyounganishwa na mtandao, kampuni ya mtandao inajua iko karibu na mnara upi.

Lakini yako yaliyo haki kamili: kuambiwa ukweli kuhusu tarehe, kuelezwa wazi kasoro kabla ya kulipa, na kurudishiwa fedha bila kuzungushwa. Kampuni nyingine, Pine64, ilipouza simu zake za kwanza za PinePhone, ilisema wazi kwamba ni za wajuzi wanaotaka kujaribu. Simu hizo nazo zilikuwa na kasoro, lakini mnunuzi alijua anachonunua.

Tuseme pia lililo jema. Programu ya Phosh, ambayo Purism iliianzisha kwa ajili ya skrini ya Librem 5, leo inatumika katika simu nyingine za Linux, hata PinePhone. Waliongoja wamesaidia watu wasiowajua.

Kwetu sisi

Wachache kati yetu watanunua simu kama hiyo. Hata hivyo, tukiombwa kulipia mapema kitu chochote, tuulize mambo matatu: kitu hiki kimefika wapi leo? Kikichelewa, nani atatueleza? Tukitaka fedha zetu, tutazipata lini? Majibu yaandikwe.

Na kwa simu tulizo nazo, tufungue mipangilio tuone ni programu zipi zimeruhusiwa kutumia maikrofoni, kamera na mahali tulipo. Isiyohitaji, tuizuie. Hilo halina gharama.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Watu wale wa mwaka 2017 hawakukopesha dola tu, walikopesha imani yao. Simu inaweza kuchelewa na bado ikapokelewa kwa furaha, mradi aliyeahidi hakuacha kusema kweli.