Kazi ya uuguzi Uingereza: anayekutafuta Goma au Bukavu tayari amevunja kanuni

Matangazo ya kazi za hospitali huko Ulaya yanazunguka katika simu za wauguzi kama vile matangazo ya viwanja. Picha ya jengo zuri, bendera ya Uingereza, mshahara kwa pauni, na chini kabisa namba ya simu ya komisioneri anayeomba avansi ya kufungua dosye. Kwa muuguzi asiyeandikwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, anayeishi kwa sehemu ya kile wagonjwa wanacholipa, tangazo la namna hiyo si rahisi kulipita.

Kuna jambo ambalo tangazo halisemi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza: nchi ambazo hospitali na mawakala wa huko hawaruhusiwi kwenda kutafuta wafanyakazi wa afya.

Orodha hiyo inatoka kwa Shirika la Afya Duniani, OMS. Mwaka 2010 nchi wanachama zilipitisha kanuni kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi moja hadi nyingine, na mwaka 2023 OMS ikataja nchi 55 zenye upungufu mkubwa, 37 kati yake za kanda ya Afrika ya OMS. Congo imo, pamoja na jirani zake Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Kipimo kimojawapo ni kuwa na madaktari, wauguzi na wakunga chini ya 49 kwa kila watu 10,000. Uingereza ikaiingiza orodha hiyo katika kanuni zake za kuajiri.

Kwa hiyo wakala anayeandika kwamba ametumwa kukusanya wauguzi wa Kivu kwa ajili ya hospitali za Uingereza, ama anasema uongo, ama anafanya kazi kinyume cha kanuni ya nchi anayodai kuiwakilisha. Na akiomba pesa kwa kumtafutia mtu kazi, hilo ni kosa la pili, kwani sheria ya Uingereza inakataza wakala kumlipisha anayetafuta kazi. Anayelipa wakala ni mwajiri.

Mlango haukufungwa kabisa, lakini. Muuguzi Mcongo anaweza kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, bila mtu kumfuata. Kanuni inaangalia nani alianza.

Njia yenyewe ni ndefu, na karatasi ya kwanza iko hapa nyumbani. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, linataka uthibitisho kwamba mwombaji alisoma kweli na kwamba anaruhusiwa kufanya kazi hiyo kwao. Kwa Congo hapo ndipo unapoingia Ordre ya wauguzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwezi wa saba 2016. Uthibitisho lazima utoke kwa taasisi zenyewe. Fotokopi yenye muhuri kutoka mkononi mwa mwombaji haitoshi. Kwa aliyesomea ISTM au shule nyingine katika eneo lililopitiwa na vita, kumpata katibu wa kujibu barua kunaweza kuwa kazi ngumu kuliko mitihani.

Halafu lugha. Aliyesoma kwa Kifaransa anapaswa kufaulu IELTS kwa alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, au mtihani wa OET. Baadaye kuna mtihani wa maarifa kwenye kompyuta, unaoweza kufanyika nje ya Uingereza, na wa vitendo, unaofanyika Uingereza kwenyewe. Hapa wapo wanaouza njia ya mkato. Mwaka 2023 NMC ilitangaza kwamba matokeo ya kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria, yalikuwa na mashaka, na uchunguzi ukawafuata hata wauguzi waliokuwa wameshaanza kazi.

Viza nayo inategemea hati ya udhamini, namba inayotolewa na mwajiri mwenye leseni ya serikali. Ada ya kuitoa hati hiyo ni ya mwajiri, si ya mfanyakazi, na bado hiyo ndiyo bidhaa ambayo makomisioneri wanapenda kuuza. Kati ya mwezi wa saba 2022 na mwisho wa 2024, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta ya kulea wazee na wagonjwa. Wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na waajiri hao. Mwajiri akipoteza leseni, mfanyakazi kwa kawaida anapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka.

Waajiri wa kweli wanauliza makaratasi mengi kwa sababu wanaogopa faini. Tangu mwezi wa pili 2024, anayemwajiri mtu asiye na haki ya kufanya kazi anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na 60,000 akirudia. Ndiyo maana wanakagua viza ya kielektroniki na jina katika daftari la NMC kabla ya siku ya kwanza. Mwajiri asiyeuliza chochote isipokuwa avansi anatisha zaidi.

Na wale wanaoahidi kazi ya kulea wazee, isiyohitaji diploma ya uuguzi? Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji walio nje ya Uingereza tarehe 22 mwezi wa saba 2025. Anayeiuza leo Goma au Uvira anauza kitu ambacho hakipo.

Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, na kuifungua ni bure. Kuona jina la hospitali humo hakutoshi, kwani matapeli wanaazima majina ya hospitali za kweli. Nafasi nyingi za hospitali za umma za Uingereza na Wales zinatangazwa kwenye jobs.nhs.uk, si kwa WhatsApp.