Shamba la Ukoo Mbele ya Mahakama

Ukipita Hale, mkoani Tanga, kwenda Korogwe mjini, mkonge unakusindikiza kwa mistari iliyonyooka mpaka Ngombezi. Ukishika njia ya Handeni unakutana na mashamba ya mahindi ya Wazigua, ambayo mpaka wake ni mti, kijito au kaburi la babu. Kwa miongo mingi sheria iliyapima mashamba haya kwa mizani mbili, na kilichoamua mizani ipi itumike ni asili ya mwenye shamba.

Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 iliweka ardhi ya umma mikononi mwa Gavana. Mlowezi au kampuni ya mkonge iliweza kupewa hati ya hadi miaka 99, yenye ramani na masharti yaliyoandikwa, na hati hiyo ikawekwa rehani benki. Mwafrika aliyelima ardhi ya ukoo hakuwa na karatasi. Marekebisho ya mwaka 1928 yalimtambua: anayetumia ardhi kihalali kwa mila za wenyeji naye ana haki ya kuikalia. Ila haki yake haikuandikwa popote kwa jina lake, na mawakili wa serikali waliendelea kuieleza kama ruhusa tu, ambayo mtoaji anaweza kuitwaa.

Hapo ndipo taaluma ya sheria inapoingia, na kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote. Wakili huenda mahakamani na kile alichofundishwa. Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, sheria ya Kiingereza ilikuwa na maktaba nzima, wakati mila za ardhi za Waafrika zilitawanyika katika mafaili na hukumu ambazo wachache walizisoma. Mwaka 1973 wanasheria R. W. James na G. M. Fimbo walichapisha kitabu kilichokusanya kesi na kanuni za ardhi ya kimila nchini. Kazi ya kukusanya haisifiwi sana, lakini bila hiyo mtetezi wa mkulima anasimama mikono mitupu. Mwaka 1991 Profesa Issa Shivji akapewa kuongoza tume ya rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, na tume ikazunguka nchini kuwasikiliza wanavijiji wenyewe.

Mwaka 1994 suala likafika Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph. Sheria ya mwaka 1992 ilikuwa imefuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Upande wa serikali ulidai haki hizo si mali, ukategemea hukumu ya enzi ya ukoloni katika kesi ya Mtoro bin Mwamba. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikataa. Hoja hiyo ikikubaliwa, walisema, wakazi wengi wa Tanzania Bara watakuwa maskwota katika nchi yao. Haki ya kimila ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 18, ikatamka kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa kwa hati. Handeni ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kufanyiwa majaribio ya urasimishaji chini ya MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge: majirani wanasimama mpakani, wanakubaliana, shamba linapimwa, kijiji kinatoa hati ya kimila.

Hata hivyo elimu yenyewe bado ina kizingiti. Baraza la ardhi la kijiji husikiliza mashauri kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria, lakini chuo kikuu bado kinafundisha sheria kwa Kiingereza. Hukumu ya Akonaay ifundishwe kwa Kiswahili tangu mwaka wa kwanza, na nakala zake zipelekwe katika mabaraza ya ardhi ya vijiji vya Handeni na Korogwe, maana huko ndiko migogoro ya mipaka inakoanzia.