Mahali pa Kuchoma Sindano ya Kroshia

Akina mama wengi wanaojifunza kufuma kwa kroshia huanza na kitambaa cha kuwekea redio. Wanakusudia mraba, lakini kadiri safu zinavyopanda kitambaa huchongoka kama pembetatu. Hapo kazi hufumuliwa, na uzi uliofumuliwa mara tatu huota manyoya na kufifia; fedha iliyoununua imepotea bure. Lawama huangukia mkono mzito, ijapokuwa kosa ni la mahali sindano ilipochomwa.

Kila fundo likitazamwa kutoka juu lina nyuzi mbili zilizolala mfano wa herufi V. Sindano na ipite chini ya zote mbili. Uzi wa nyuma ukishikwa peke yake hutokea matuta, ambayo hupendeza katika kofia ya mtoto, lakini huharibu kitambaa yakijitokeza hapa na pale bila kukusudiwa.

Penye taabu hasa ni pembeni. Kwa mafundo marefu 20, mfumaji huanza na mnyororo wa vitanzi 22, akachoma fundo la kwanza katika kitanzi cha nne kutoka sindanoni; vile vitatu vilivyorukwa vimekuwa fundo moja. Kila safu mpya nayo hupandishwa kwa vitanzi vitatu, navyo huhesabiwa vivyo hivyo. Basi fundo lililo chini yake huachwa, sindano ikachomwa katika la pili. Akichoma katika lile la kwanza, kitambaa hupanuka.

Mwishoni mwa safu ndiko anayeanza hupoteza fundo. Fundo la mwisho hukaa juu ya vile vitanzi vitatu vya safu iliyotangulia, katika kitanzi cha juu kabisa. Kitanzi hicho hujikunja na kujificha, naye hugeuza kazi akidhani amemaliza. Safu 9 za namna hiyo zimekula mafundo 9, na 20 yamebaki 11.

Kwa fundo fupi kanuni ni nyingine: kitanzi kimoja cha kugeuzia hakihesabiwi, na sindano huchomwa katika fundo la kwanza kabisa.

Hadi macho yazoee, kipande cha uzi wa rangi nyingine kifungwe katika kitanzi cha tatu cha kupandia, na mafundo yahesabiwe kabla ya kazi kugeuzwa. Fundo moja lililokosekana hurekebishwa papo hapo, bila kufumua safu nzima.