Kwa Wanachama Wanaokusudia Kwenda Indonesia

Mara kwa mara wanachama hutuuliza juu ya safari ya Indonesia, nasi hatuoni ajabu. Mkarafuu uliotulea sisi na wazee wetu asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, hasa Ternate na Tidore na jirani zake. Wafaransa waliipata miche huko mwaka 1770 wakaipeleka kisiwa cha Mauritius, na kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi mti huo ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Tena kwa miaka mingi Indonesia ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu, mpaka miaka ya 1980 mashamba yao yalipowatosheleza wenyewe. Basi mkulima atakaye kuiona nchi hiyo ana haki yake.

Tumekusanya hapa yanayomfaa msafiri. Mengi ni kwa faida yake mwenyewe. Moja, ambalo tumeliweka mwisho, ni kwa faida ya sote, na tunaomba lisomwe kwa makini zaidi.

Kabla ya kuondoka

Tazama pasipoti yako. Indonesia hutaka iwe na muda usiopungua miezi sita tangu siku ya kuingia. Juu ya viza, usisikilize maneno ya barazani, kwani sheria hubadilika. Ulizia ubalozi wa Indonesia uliopo Dar es Salaam kabla ya kukata tiketi.

Chanja homa ya manjano mapema, maana cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na wasafiri wanaotoka nchi zenye maradhi hayo hudaiwa cheti. Tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha, kwa hiyo aliye nacho cha zamani asikitupe. Muulize pia daktari juu ya dawa ya kuzuia malaria, ukimtajia visiwa utakavyofika, kwa sababu hatari si moja kila mahali. Homa ya dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Chandarua peke yake hakitoshi, chukua na nguo za mikono mirefu. Dawa unazotumia kila siku zibaki katika chupa au pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Jambo jingine halina mzaha. Huko mtu akipatikana anasafirisha dawa za kulevya aweza kuhukumiwa kifo. Usimchukulie mtu mzigo usioujua, hata akiwa ni jamaa, hata akisema ni zawadi ya mtoto.

Njiani na hali ya hewa

Wengi hupitia miji ya Ghuba kama Dubai au Doha mpaka Jakarta, katika kisiwa cha Java. Kutoka Jakarta mpaka Ternate ni safari nyingine ya ndege ya zaidi ya saa tatu, na kutoka Ternate hadi Tidore ni mwendo mfupi wa mashua. Nchi hiyo ni pana hata ina saa za namna tatu: Jakarta wametutangulia kwa saa 4, Ternate kwa saa 6. Tena wao huhesabu saa tangu katikati ya usiku, si tangu jua kuchomoza. Ukiambiwa gari huondoka saa saba asubuhi, kwetu hiyo ni saa moja. Asiyekumbuka hili ataachwa.

Java huwa na kiangazi tangu Mei mpaka Septemba, na mvua nyingi tangu Novemba mpaka Machi. Ternate hunyesha karibu mwaka mzima. Misimu ya kuchuma hutofautiana kisiwa kwa kisiwa, basi atakaye kuona uchumaji aulize kwanza mahali anapokwenda. Ajue vilevile kuwa Ternate imekaa chini ya mlima wa moto, Gamalama, ulioripuka Desemba 2011. Majivu yakitoka, ndege husimama. Weka siku mbili tatu za akiba kabla ya safari yako ya kurudi.

Maji ya bomba usinywe. Kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Plagi zao zina miguu miwili ya mviringo, haziingiliani na zetu za miguu mitatu.

Watu na lugha

Wengi wa watu wa Indonesia ni Waislamu, na misikiti ni mingi, hata chakula halali hakimsumbui mtu sehemu za Java na Ternate. Viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu. Pokea na utoe kwa mkono wa kulia. Mwanamume mtu mzima huitwa Bapak, na mwanamke Ibu, kama tunavyosema Mzee na Bi. Jina tupu halipendezi. Mzee hapigiwi kelele, na bei hupatanwa kwa kicheko, si kwa ugomvi.

Lugha yao itakufurahisha. Apa kabar ni habari gani. Sabun ni sabuni, waktu ni wakati, rezeki ni riziki, kertas ni karatasi, meja ni meza, nanas ni nanasi, na dunia ni dunia vilevile. Lakini tahadhari: kiri kwao ni kushoto, na susu ni maziwa. Asante ni terima kasih, bei gani ni berapa, na karafuu ni cengkeh.

Fedha yao ni rupia, na noti kubwa kabisa ni ya 100,000. Hesabu zake hutisha mwanzo. Soma sifuri vizuri kabla ya kulipa.

Ya kutazama

Huko Ternate, katika mteremko wa Gamalama, walikuwapo mikarafuu mikongwe iliyoitwa Afo, iliyohesabiwa kuwa ya mamia ya miaka. Wa kwanza umekwisha kufa. Watu huitukuza kwa sababu Waholanzi, katika karne ya kumi na saba, waliikata mikarafuu ya visiwa hivyo ili biashara iwe mkononi mwao peke yao.

Java ina mambo mawili yanayomhusu mkulima. La kwanza ni kretek, sigara za tumbaku iliyochanganywa na karafuu, ambazo zilianza katika mji wa Kudus mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na ndizo zinazokula sehemu kubwa ya karafuu ya nchi hiyo. La pili ni ukenekaji wa mafuta kutokana na majani: majani yaliyoanguka chini huokotwa, hutiwa katika mtambo, na kutoa fedha wakati ambapo mti hauna matunda. Tazama pia ngazi zao za mianzi wakati wa kuchuma. Uliza, andika, piga picha.

Usilete mche

Sasa lile tuliloliahidi. Sumatra na Java wana ugonjwa wa mikarafuu uitwao ugonjwa wa Sumatra. Huletwa na bakteria wanaokaa katika mishipa ya kupandishia maji ndani ya mti, na hupelekwa mti hadi mti na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Majani huanza kuanguka kileleni, matawi hukauka kutoka juu kushuka chini, na mti mzima ulio katika nguvu zake huweza kufa kwa muda wa miezi tu. Dawa ya kuuponya haipo. Zipo za kuuchelewesha.

Wazee wetu waliona mashamba yakiteketea kwa kufa ghafla, ugonjwa mwingine kabisa, na wanaokumbuka hawahitaji kuelezwa hasara yake. Ugonjwa wa pili juu ya ule hatuutaki.

Twajua mkulima akiona mkarafuu mzuri moyo wake hutamani mche mmoja tu, wa kupanda nyuma ya nyumba. Mche mmoja unatosha kuleta maradhi, na huonekana mzima. Basi usilete mche, wala kijiti, wala jani bichi, wala tunda la kupanda, wala udongo, hata kidogo. Viatu ulivyoingia navyo shambani visugue kwa sabuni kabla ya kuvitia sandukuni, na kisu chako vilevile. Nguo zikung'ute. Ukifika nyumbani na mizigo yako ina kitu cha mmea, mwonyeshe ofisa wa karantini bandarini, usimfiche. Na mwanachama anayefikiri kuwa mbegu ya huko ni bora, aende kwa bwana shamba, kwani iko njia ya serikali ya kuomba na kupima.

Daftari lililojaa maelezo na picha za mitambo ni zawadi kubwa kwa wenzako. Ukirudi, yalete katika mkutano wa tawi lako utusimulie.

Tunawatakia safari njema.