Tumbo Lisilotulia: Dawa au Chakula?

Miongoni mwa maradhi yanayowatesa wengi majumbani, hasa kina mama, ni ya utumbo usiotulia. Tumbo husokota na kujaa gesi. Choo mara hufunga, mara huendesha. Vipimo hurudi safi, na watu wa nyumbani hudhani mgonjwa anajisingizia. Huko ni kumdhulumu. Maradhi haya ni ya kweli: mawasiliano ya utumbo na ubongo yamevurugika, ijapokuwa hakuna kidonda kinachoonekana.

Je, yatibiwe kwa dawa au kwa chakula? Kila kimoja kina mahali pake. Nyuzinyuzi za chakula ni za aina mbili. Zile zinazolainika majini zikawa kama ute, mfano maganda ya isabgoli, huwafaa wengi, hasa waliofunga choo. Zile ngumu, kama pumba za ngano, huweza kuzidisha gesi na maumivu. Basi mgonjwa asilazimishwe kuzila kwa kuambiwa ni afya. Aanze na kijiko kidogo cha isabgoli katika gilasi nzima ya maji, kisha aongeze taratibu kwa majuma kadhaa.

Ama dawa, mebeverini hutuliza msokoto, na loperamaidi huzuia kuendesha. Amitriptilini, ijulikanayo kwa kutibu huzuni, hutolewa kwa kipimo kidogo ili kupunguza maumivu. Anayeandikiwa hajaitwa mwendawazimu. Dawa hizi zitumiwe kwa ushauri wa daktari.

Mwezi wa Ramadhani, futari ipunguzwe vya kukaangwa na pilipili, na maji yanywewe kidogo kidogo hadi daku. Atakayezidiwa, ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara. Asione haya kuichukua.

Lakini damu chooni, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, kuamshwa usiku na tumbo, au dalili kuanza baada ya miaka 50, hayo yasingojee isabgoli. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Enyi waume na wana, haya huwanyamazisha wanawake wengi. Waulizeni hali zao kwa upole. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), wala hakupingani na kumtegemea Mola. Yeye ndiye Mponyaji.

Wallahu aalam.